Mama Mfamasia na Punje Zake

Siku ya mazishi walinipa wasifu nisome. Karatasi moja, imechapwa pande mbili: alizaliwa lini, ukoo gani, alisoma wapi, alipata sakramenti gani na mwaka gani. Niliisoma yote kwa sauti, nikaikunja, nikamrudishia katekista. Nilirudi kukaa kwenye mkeka nikiwa na hasira, maana katika karatasi ile yote hapakuwa na bamia hata moja. Mtu aliyekata bamia kuliko mama lishe yeyote wa Ifakara anazikwa bila bamia kutajwa! Basi mambo ya ukoo na kuzaliwa wameshayasema wao. Mimi nitasema ninayoyajua, na nitamwita kama tulivyomwita wote, Mama Mfamasia.

Nilikaa naye miaka tisa katika chumba kimoja. Nilikuwa mhudumu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kuchemsha maji na kunyamaza, na hiyo ya tatu ilinishinda tangu wiki ya kwanza. Chumba kilikuwa nyuma ya chuo kimoja cha afya, zamani stoo ya vitanda vibovu. Alikiomba akiwa amebakiza kama miaka kumi astaafu, wakati wenzake wanahangaikia viwanja na mashamba ya miti. Yeye alitaka kutengeneza punje za dawa.

Nieleze punje ni nini, maana majirani wa chuo waliamini hadi mwisho kwamba mle ndani tunapika uji. Unachukua chenga za mchele, unazisaga na maji, unaacha wanga utuame. Unakata bamia, unaziloweka, unachuja ule ute. Unapika wanga na ute kwa moto mdogo, unaacha upoe kidogo, unachanganya na dawa, kisha unauvuta kwenye sirinji na kuudondosha tone kwa tone ndani ya maji baridi yenye chumvi yake maalumu. Tone likigusa maji linashikamana, linakuwa kiduara, na dawa imefungiwa ndani. Ukizikausha unapata punje ndogo kama ulezi. Baadaye alizipunguza zikawa kama mbegu za mchicha, na kuna nyingine mpaka uchukue hadubini ndipo uzione. Mtoto akimeza, mdomoni hasikii uchungu. Tumboni ule ukuta wa wanga haubomoki mara moja. Unamegwa taratibu, na dawa inatoka kidogo kidogo, leo kutwa na kesho yake.

Sababu ya yote hayo ilikuwa madungu. Mvua zikianza, nusu ya bonde letu inahama. Watu wanafunga nyumba, wanabeba sufuria na watoto, wanakwenda kukaa mbugani kwenye mashamba ya mpunga, ndani ya vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, hadi mavuno. Wanalima, wanapalilia, wanaamia ndege. Kliniki inabaki mjini. Mama Mfamasia alikaa kwenye dirisha la dawa miaka mingi kabla ya kuja chuoni, na dawa aliyoijua kuliko zote ni ya kifafa. Huko Ulanga na Mahenge, na kwetu huku bondeni, kifafa hakijamsahau mtu. Aliniambia kwamba kadi za wale watoto zilijaa alama vizuri tangu Julai hadi Desemba, halafu zinakuwa nyeupe kabisa. Wakirudi mwezi wa sita, mmoja ana kovu la moto usoni kwa kuangukia mafiga, mwingine mama yake anakuja kurudisha kadi.

"Mgonjwa hawezi kulihamisha shamba lije kliniki," alisema. "Dawa ndiyo ijifunze kukaa dunguni."

Alilisema hilo kwa kila mtu, hata kwa wakaguzi wa majengo waliokuja kuangalia paa.

Sokoni alikuwa kero. Alikuja na baiskeli yake, ndoo imefungwa nyuma, anapiga kengele hata pale ambapo hakuna mtu. Hakununua bamia kwa fungu kama watu wengine. Alichukua moja, akavunja ncha, akafinya, akaweka ule ute kati ya vidole viwili akauvuta polepole, anatazama utafika wapi kabla ya kukatika. Kisha nyingine. Wauzaji walimpenda na kumchukia kwa pamoja. "Mama, unanunua au unasuka?" mmoja alimuuliza siku moja, na soko zima likacheka. Mama Mfamasia akacheka pia, akavunja nyingine tatu, akanunua fungu lote, na zile alizozivunja.

Ulimi wake ulikuwa chombo cha kazi. Kila kundi la punje alilionja mwenyewe. Anaweka punje moja chini ya ulimi, anafumba macho, saa iko mkononi mwangu. Mimi nahesabu dakika, yeye ananyoosha kidole pale uchungu unapotokea. "Saba. Andika." Anatema kwenye kopo, anasukutua, anarudia. Dawa ile ni chungu hadi masikioni. Nilimwambia mara moja kwamba wenzake wana mashine za kufanya kazi hiyo. Akaniambia mashine haijawahi kutemeana mate na mtoto wa miaka sita.

Kila saa nne asubuhi ilikuwa togwa. Chai hakuipenda, alisema ni maji yaliyopakwa rangi. Togwa alipika mwenyewe nyumbani kwake Katindiuka, ya unga wa mchele na kimea cha ulezi, akaileta ndani ya chupa, tukanywa mimi na yeye tukiwa tumekaa kwenye viti viwili visivyolingana urefu. Mezani, hatua mbili kutoka kwenye kikombe chake, zilikuwa trei za punje zinakauka. Nataka msomaji azione trei hizo na kikombe hicho pamoja, kama nilivyoviona mimi kila siku ya kazi kwa miaka tisa, bila kuwaza chochote.

Alikuwa na daftari. Hakuandika kwenye karatasi za kudondoka wala kwenye simu. Daftari kubwa la jalada gumu, na lilipojaa alinunua lingine la aina ile ile. Kila kitu kiliingia humo: bamia za nani, zimechumwa lini, mvua ilinyesha au la, umeme ulikatika saa ngapi. Punje zikiharibika, na ziliharibika sana, hakutafuta wa kumlaumu. Kuna zilizoota ukungu. Kuna zilizoshikana zikawa donge. Kuna trei nzima iliyoliwa na sisimizi, na aliandika: "Sisimizi wamekula zote, hawakuonyesha dalili ya uchungu." Nyingine zilivujisha dawa kabla ya wakati, na hizo alisema zimelia. Akifika asubuhi anachungulia kwenye bika, gilasi yetu ya maabara tuliyoziloweka, anageuka, "Zimelia tena," kwa sauti ya mtu anayezungumzia watoto wake. Mimi nilizoea kuzitukana. Yeye alisema tumezilea vibaya, turudie.

Mara ya kwanza punje zilipokaa siku moja na nusu bila kulia, alivua miwani, akaimba wimbo wa misa ya Pasaka wakati tuko katikati ya Kwaresima. Nilimkumbusha. Akasema Mungu anajua kalenda ya maabara ni tofauti, akanipa ruhusa nusu siku niende kwetu.

Usidhani alikuwa mtu mwepesi. Alikuwa mgumu kama kizibo kilichokwama. Punje hata moja haikutoka kwenye chumba kile. Alikuwa ameomba kibali kwenye kamati ya maadili ili azijaribu kwa watu, kwanza watu wazima wenye afya, na kamati ilimjibu kwa maswali. Akajibu maswali, wakaleta mengine. Mimi niliwatukana hao nao, kwa niaba yake. Yeye aliwatetea. "Wanauliza vizuri," alisema, na akakaa tena kuandika. Alikuja mwenyekiti wa kitongoji kuomba punje za mtoto wa kaka yake, akarudi mikono mitupu. Alikuja sista mmoja mzee, akasimama mlangoni analia kabisa, ana binti kwenye kituo chao cha watoto ambaye hamezi kidonge hata kwa kushikwa pua. Mama Mfamasia alimkalisha, akampa togwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Sista, hizi ni za bika, bado hazijawa za tumbo la mtu. Sijui zitafanya nini." Sista alipoondoka, Mama Mfamasia alijifungia chooni muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mimi nikajifanya nasugua sufuria.

Wanafunzi wa chuo walimwogopa. Aliwafundisha kwamba huruma ya mfamasia inakaa kwenye kipimo, haikai kwenye mkono. Mtu huyohuyo, akisikia matangazo ya vifo redioni, alitoa leso hata kama marehemu ni wa Kigoma na hamjui. Alikuwa bahili wa karatasi, akikata bahasha zilizotumika aandikie nyuma, lakini kila Jumamosi alipeleka ndoo ya bamia zilizobaki kwenye nyumba tatu, na hakutaka nimtajie mtu. Sasa nimetaja.

Nimezunguka sana. Nilikuwa naogopa kufika hapa.

Jirani yake wa Katindiuka, ng'ambo ya ua wa mibono, alikuwa Mama Kastori. Kastori ni mwanawe wa kwanza. Wa pili alikuwa binti wa miaka minane, mwenye kifafa tangu akiwa na mitatu. Nilimwona mara nyingi. Alikuwa na kovu refu la moto kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, na alipenda kuja kumsaidia Mama Mfamasia kukata bamia, kwa sababu ute ulimchekesha. Vidonge alivikataa. Alivificha shavuni, akavitema nyuma ya nyumba, na kuku wa Mama Kastori walilala mchana ndipo siri ikajulikana. Tulicheka sana habari ya kuku wale.

Mwaka ule mvua ziliwahi. Mama Kastori alikuwa anakwenda shamba, mbali, upande wa Mlimba, na watoto wote wawili, kwa wiki tatu bila kurudi. Alikuja uani kuaga, akasema, "Mama, niombee. Huyu akiangukia majini, mimi nikiwa upande wa pili wa jaruba la mpunga, nani atamwona?"

Jumatatu Mama Mfamasia alifika maabara mapema kuliko mimi. Nilimkuta anamimina punje kutoka kwenye trei bora, zile zisizolia, kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko wa kusokota.

"Shikamoo Mama. Hizo zinakwenda wapi?"

"Marahaba. Osha vyombo."

"Mama, na kamati?"

"Nimesema osha vyombo."

Nikaosha. Alipomaliza nikafungua daftari, nikashika kalamu kama kila siku. Akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Leo usiandike," akasema. Hakuwahi kuniambia hivyo.

Aliandika lebo kwa mkono wake, kwa herufi kubwa ili Mama Kastori asome bila shida: kijiko kimoja kila asubuhi, usiweke kwenye kitu cha moto, changanya na kitu laini cha baridi. Joto lilikuwa adui tuliyemjua, kwa sababu uji wa moto uliyeyusha punje mbele ya macho yetu tulipojaribu. Kwa hiyo baridi, akaipigia mstari mara mbili. Gundi niliipaka mimi. Lebo niliibandika mimi, nikaipitishia kidole mpaka ikakaa sawa.

Siku ya tano ya dawa walimleta mtoto kwa pikipiki, amefungwa kwenye khanga mbili. Alikuwa ameanguka kwenye mfereji wa maji yasiyozidi kifundo cha mguu. Kaka yake alikuwa juu ya dungu anafukuza ndege, akamwona amelala kifudifudi, akadhani anatafuta konokono.

Msibani tulikaa na akina mama kwenye nyasi. Mama Kastori alikuja mwenyewe kwa Mama Mfamasia, akapiga magoti, akamrudishia chupa ikiwa imebaki zaidi ya nusu. "Nilimpa, Mama," akasema. "Nisingethubutu kukosa. Nilifanya ulivyoniandikia, kitu cha baridi. Nilipika togwa dumu moja la siku tatu, nikatia vijiko vitatu, ili hata mimi nikiwa jarubani Kastori ampe kikombe chake asubuhi. Hakukataa hata siku moja. Alikunywa anafurahi. Siku ya tatu alilala usingizi mzito mpaka jioni, nikasema dawa imemkubali, anapumzika. Tukaanza dumu la pili vizuri tu. Sasa sijui Mungu amepanga nini."

Mkono wa Mama Mfamasia ulikuwa juu ya goti langu, na ulinishika mpaka nikaumia.

Kesho yake asubuhi alichukua bika mbili. Moja akaweka maji baridi, nyingine akaweka togwa kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Kijiko cha punje huku, kijiko huku. Tukakaa. Kufika saa sita zile za kwenye maji zilikuwa palepale, nzima, zinang'aa. Kwenye togwa hapakuwa na punje hata moja. Chini kulikuwa na vumbi jeupe, dawa yenyewe, imetulia. Dawa ile haiyeyuki upesi kwenye kitu cha baridi, inazama.

Kila mpika togwa anajua kazi ya kimea. Unatia kwenye uji mzito uliosimamisha mwiko, na baada ya muda umekuwa mwepesi na mtamu. Kimea kinamega wanga. Ndiyo kazi ileile ambayo tumbo lilitakiwa kuifanya taratibu, siku nzima, kwenye punje zetu. Yeye alijua hilo tangu mtoto, akalijua tena darasani kwa majina ya kisayansi, na alikunywa kikombe chake kila saa nne.

"Vikombe vya juu vya lile dumu havikuwa na kitu," alisema. "Siku ya kwanza hakupata. Ya pili hakupata. Ya tatu akapata dawa yote kwa pamoja, ndiyo maana alilala. Halafu tena hakupata." Alikaa chini kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyefiwa anavyokaa. "Alifanya nilivyomwandikia."

Kisha akaniambia, "Hili halitoki humu. Mimi nifungwe, ninyang'anywe leseni, sawa. Lakini yule mama asijue kamwe kwamba ni mkono wake. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilinyamaza, mimi niliyeshindwa kunyamaza. Sina hakika hadi leo kama nilifanya vizuri.

Miezi miwili baadaye barua ya kamati ilifika. Kibali kimetolewa, hatua ya kwanza, watu wazima wenye afya. Aliisoma amesimama kwenye mwanga wa dirisha, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari kwenye ukurasa wa ile Jumatatu, ambao haukuwa na kitu. Hakuijibu. Walioulizia aliwaambia macho yamechoka. Wakati ule hayakuwa yamechoka hata kidogo, lakini miaka ilivyokwenda ugonjwa wa sukari uliyachukua kweli, moja kisha la pili. Alistaafu, chumba kikarudi kuwa stoo. Togwa hakunywa tena. Mimi nikapata kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi.

Kilichonitesa ni kwamba Mama Kastori ndiye aliyemtunza. Alivuka ua kila asubuhi, akamchemshia maji, akamfulia, akamkata kucha, akamsomea masomo ya Jumapili. Nikienda kuwatembelea nilikaa nusu saa nikaaga. Nilimtazama Mama Kastori amepiga magoti anamsugua miguu, na Mama Mfamasia amegeuza uso ukutani. Niliwaza, siku moja mtu ataropoka. Mara nyingi nilidhani huyo mtu ni mimi.

Mwaka jana, kabla ya mavuno, alikuja dukani mwalimu kijana wa chuo kilekile. Mpole, ana miwani, alinisalimia vizuri. Alikuta trei zetu za zamani kwenye stoo, akauliza, akaelekezwa kwangu. Anataka kuziendeleza punje. Ana chenga, ana bamia, ana wafadhili wanaosikiliza. "Dada, nasikia kuna madaftari. Nikiyapata nitaokoa miaka mingi."

Madaftari yalikuwepo nyumbani kwa Mama Mfamasia, na yalikuwa kamili, isipokuwa kitu kimoja. Akiyachukua vile yalivyo atatengeneza punje nzuri, zisizolia, atazipeleka mbugani, na mama mwingine atatafuta kitu cha baridi. Ningeweza kumnong'oneza palepale kaunta. Lakini daftari lile ni la mwenyewe, na alikuwa bado hai. Nikamwambia anipe siku mbili.

Asubuhi iliyofuata nilipanda baiskeli kwenda Katindiuka. Mama Mfamasia alikuwa barazani, amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amebaki kidogo sana. Mama Kastori alikuwa kwenye kigoda na ungo, anapepeta mchele. Nikasalimia. Nikaeleza habari za kijana, yote, na nikasema nimekuja na kalamu.

Mama Mfamasia alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza.

"Mama Kastori," akasema, "hebu niangalizie kama chumvi ipo."

"Chumvi ipo, Mama."

"Basi nenda kwa kina Agripina ukaniombee limao."

"Malimao yako ndani, matatu." Hakuinuka. Ungo uliendelea.

Mama Mfamasia akaniambia nilitoe ndani daftari la mwisho, nilifungue kwenye ukurasa wenye barua. Nikafungua. "Andika. Punje za wanga zisichanganywe na kitu chenye kimea. Wala uji uliolainishwa kwa kimea. Wala pombe ya kienyeji. Wala..." Alijaribu tena. "Wala kinywaji chochote kile..."

"Togwa," akasema Mama Kastori. "Mbona hutaji togwa, Mama?"

Ungo ulikuwa umesimama.

"Nilijua," akasema, bila kupandisha sauti. "Tulipomaliza arobaini nilirudi shamba kuchukua vyombo. Lile dumu la pili lilikuwa bado dunguni na togwa yake, imeshachacha. Nikalimwaga. Chini kabisa nikaona weupe. Nikaweka kidole, nikaonja. Ilikuwa chungu ileile ya vidonge alivyokuwa anatema. Nilikaa pale mpaka jua likaniunguza."

"Miaka yote hii," akasema Mama Mfamasia. "Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilikuogopea. Niliona umeacha kula, umeacha kazi. Nikasema akijua kwamba ni mimi niliyeharibu dawa yake, na bado anajilaumu yeye, itakuwaje? Bora nimtunze tu." Akajifuta uso kwa mkono wenye pumba. "Na wewe, Mama, mbona hukuniambia?"

Machozi yalimshuka Mama Mfamasia kwenye masikio kwa sababu alikuwa amelala chali, na hakuna aliyemfuta kwa muda. Mimi nililia kwa sauti, sioni aibu kusema.

Nilipoweza kushika kalamu niliuliza niandike nini.

"Andika, lebo haikutaja togwa," akasema Mama Mfamasia. "Aliyeandika lebo ni mimi. Na nilitoa punje bila kibali."

"Na aliyechanganya ni mimi," akasema Mama Kastori. "Andika na hilo."

"Wewe ulifuata..."

"Mama, acha aandike."

Nikaandika yote mawili, na juu yake nikaandika togwa, kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari. Mama Kastori aliweka ungo chini, akaja kusimama nyuma yangu, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Jina lake liko wapi humu?" akauliza.

"Halimo," akasema Mama Mfamasia. "Sikuruhusiwa kumpa. Ndiyo maana sikumwandika."

"Mwandikeni."

Nikaandika Skolastika, miaka minane, Katindiuka. Mama Mfamasia alinyoosha mkono hewani, unatafuta. Nikamsogezea daftari kitandani. Mama Kastori akaushika ule mkono, akachagua kidole kimoja, akakiweka juu ya jina.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Mama."